Taa za LED zilirukaruka kila mota ikianza: dawa ilikuwa waya wa hasi

Hatimaye imetulia, naandika ili mwingine asikeshe kama mimi. Nimetengeneza duara la bati lililotobolewa, linazungushwa na mota ndogo, nyuma yake utepe wa taa za WS2812B (LED ambazo kila moja hupokea amri yake ya rangi kupitia waya wa data). Vivuli vinatembea ukutani kama maji. Wazo nililipata kwa msanii wa Hungaria, László Moholy-Nagy, aliyeonyesha mashine yake ya mwanga Paris mwaka 1930.

Shida: mota ikianza tu, taa zinaruka rangi, bluu inakuwa nyeupe, nyingine zinazima. Nilibadilisha utepe, nikafupisha waya, nikaandika programu upya. Wapi!

Nikaupa utepe adapta yake ya volti 5, mota na Arduino (kibao kidogo cha kompyuta kinachotuma amri kwa taa) zikabaki na yao. Ikazidi kuharibika. Kumbe utepe husoma ishara ya data kwa kuilinganisha na hasi, na hasi za adapta mbili hazikuwa zimeunganishwa! Kipande cha waya mweusi, sentimita 10 hivi, nikaziunganisha. Chanya zisigusane kabisa. Kisha kapasita (inayotuliza volti) ya maikrofaradi 1000 mwanzoni mwa utepe, na rezista (kipingamizi cha umeme) ya omu 470 kwenye waya wa data.

Jana limezunguka jioni nzima mbele ya watu. Watoto walikuwa wakifuata vivuli ukutani kwa vidole.