Mtoto aliyesahau kuomba kwenye gari

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe! Wiki hii nimekwama kwenye Luka 23:34, "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo", na kila nikiusoma huo mstari anayenijia ni Ruby Bridges, mtoto mweusi wa miaka 6 kule New Orleans, Marekani.

Mahakama Kuu yao ilishasema tangu 1954 kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kuvunja katiba, lakini New Orleans ikajikokota weee mpaka Novemba 14, 1960. Siku hiyo Ruby akaingia shule ya msingi ya William Frantz akiwa katikati ya maafisa wa serikali kuu, yaani mtoto wa darasa la kwanza anasindikizwa na walinzi kwa sababu nje kuna watu wazima wanamzomea, tena wamama jamani, mmoja kabeba mdoli mweusi ndani ya jeneza, mwingine anamtishia sumu. Wazazi weupe wakaondoa watoto wao, mwaka mzima akasoma peke yake na mwalimu mmoja tu, Barbara Henry. Baba yake akapoteza kazi kituo cha mafuta, babu na bibi kule Mississippi wakatimuliwa kwenye shamba la watu walilokuwa wanalima.

Sasa sikia. Asubuhi moja mwalimu akamuona dirishani kasimama katikati ya lile kundi, midomo inacheza, akajua anawajibu. Baadaye daktari Robert Coles, aliyekuwa anamtembelea, akamuuliza ulikuwa unawaambia nini wale watu? Kumbe hakuwa anaongea nao, alikuwa anawaombea! Kila siku huwa anawaombea kwenye gari kabla hajafika, siku ile akasahau, akakumbuka ameshafika kwao, ndo akasimama palepale akaomba Mungu awasamehe.

Mimi kinachonishika ni hiko kusahau. Maana anayesahau kitu siku moja ni mtu ambaye siku zingine zote anakifanya, kwake ilikuwa ratiba kama kupiga mswaki, hakusubiri moyo upoe kwanza.

Kuna mtu alinisema vibaya sana kazini, tangu Jumatatu nampeleka mbele za Bwana na jina lake linanigandia kooni, jana nimelitaja mara moja tu nikaacha. Kesho asubuhi narudia tena, mniombee wapendwa.