Shamba la Sparta lilikuwa linalimwa na nani?

Jumamosi jioni tulikuwa tumekaa hapa Lanet kwa jamaa wa mutura, mimi na mzee mmoja jirani yangu aliyestaafu jeshi, na kwa vile nimekuwa nikisoma mambo ya Sparta, ule mji wa kale wa Ugiriki, kwa simu karibu mwezi mzima sasa, nikashindwa kunyamaza. Nikaanza na yale kila mtu huanza nayo, mfalme Leonidas na wanaume wake 300 pale Thermopylae mwaka wa 480 KK, vile walizuia jeshi la Uajemi kwa njia nyembamba kati ya mlima na bahari mpaka wakaisha. Nikamwambia mtoto wa kiume wa Sparta alikuwa anatolewa kwa mamake akiwa na miaka 7 anaenda kulelewa na wenzake, anatembea bila viatu, akikua kidogo anapewa shuka moja tu ya kuvaa mwaka mzima, iwe jua iwe baridi, na kitanda anajitengenezea kwa matete ya mto Eurotas ambayo lazima ayavunje kwa mkono, kisu haruhusiwi. Chakula anapewa kidogo makusudi ndio ajifunze kuiba, na akishikwa anachapwa kwa sababu ameshikwa, sio kwa sababu ameiba.

Mzee alisikiza yote, akamaliza kutafuna, akafuta mikono. Akaniuliza, "Sasa kijana, kama wanaume wote walikuwa jeshi, shamba ilikuwa inalimwa na nani?"

Nikamjibu haraka, walikuwa na watumwa mzee. Akasema, "Wangapi?" na hapo nikakwama, nikarudi nyumbani na hilo swali.

Wacha niwaambie vile nilipata, kwa sababu naona watu wengi tunapenda Sparta bila kuuliza swali la huyu mzee. Hao waliokuwa wanalima walikuwa wanaitwa waheloti. Hawakununuliwa sokoni, walikuwa Wagiriki kama Wasparta wenyewe, lugha ni hiyo moja, miungu ni hiyo moja, wengi wao wakiwa watu wa Messenia ng'ambo ya mlima Taygetus ambao Sparta ilipigana nao ikawashinda ikawaacha palepale kwa mashamba ya babu zao, wayalime, lakini mavuno yaende kwa mwingine. Kuna shairi la kale la huko Sparta kwenyewe linasema walikuwa kama punda waliolemewa na mizigo, wanapelekea mabwana nusu ya kila kitu shamba imetoa. Na kuhusu wangapi, Herodotus, mwandishi wa historia wa Ugiriki ya kale, anasema kwa vita vya Plataea dhidi ya Waajemi mwaka wa 479 KK walienda Wasparta 5,000 na kila mmoja alikuwa na waheloti 7. Hiyo ni 35,000. Hizo namba nilizirudia mara kadhaa kwa simu nikidhani nimesoma vibaya.

Kila mwaka wale wakubwa watano waliokuwa wanachaguliwa kusimamia mji, maefori, kitu cha kwanza wakiingia ofisini ilikuwa kutangaza vita rasmi dhidi ya waheloti. Vita na watu wanaokupikia na kukulimia! Sababu ni kwamba ukiua adui wa vita huna hatia mbele ya miungu, kwa hivyo mheloti akiuawa usiku na vijana waliotumwa na visu kujificha vichakani, hakuna kesi. Na kuna kile kisa Thucydides, mwanahistoria mwingine Mgiriki, anaandika, Wasparta walitangaza kwamba waheloti waliojitolea sana vitani wajitokeze wapewe uhuru, wakachaguliwa kama 2,000, wakavalishwa mashada kichwani, wakazunguka mahekalu wakishangilia kwamba wamekuwa watu huru, halafu baada ya muda mfupi wakapotea na hakuna mtu alijua kila mmoja alikufa vipi. Walitaka kujua tu nani ana moyo wa kusimama dhidi yao. Hapo niliweka simu chini nikatoka nje kidogo.

Sasa ukielewa hilo unaelewa kwa nini mji mzima ulikuwa unaishi kama kambi. Sio kwamba walipenda vita kuliko watu wengine, mimi naona walikuwa na uoga. Mwanaume alikuwa akioa bado analala na wenzake mpaka afike miaka 30, kwa mke anaenda usiku kwa kujificha na kurudi kabla ya kukuche. Wasichana nao walikuwa wanakimbia na kufanya mazoezi hadharani, kitu ambacho huko Athens, mji mwingine wa Ugiriki, kingekuwa aibu kubwa, na wanawake walimiliki ardhi, mwanafalsafa Aristotle analalamika kwamba karibu sehemu 2 kwa 5 za nchi zilikuwa mikononi mwao.

Lakini kitu kilinishika zaidi ni ile mesi yao. Kila jioni mwanaume hali kwake, anakula na kikundi chake, watu kama 15 hivi, mfalme pia anakula mesi. Kuingia kikundi unapigiwa kura, kila mwanachama anachukua donge la mkate anatupa kwa bakuli inayopitishwa, akikukubali analitupa lilivyo, akikukataa analifinya kwanza, na donge moja tu likipatikana limefinywa basi hauingii. Chakula chenyewe kinajulikana mpaka leo, ule mchuzi mweusi wa nyama ya nguruwe na damu na siki na chumvi, na mzee alipousikia alitingisha kichwa tu akaangalia mutura yake, kwa sababu hiyo damu sisi hatuiogopi.

Na hiyo mesi ni ya kuchanga. Kila mwezi kila mtu analeta unga wa shayiri kama nusu gunia hivi ya kwetu, yaani karibu gorogoro 20, analeta divai, jibini, tini na pesa kidogo ya mboga. Na usipoleta? Unatoka. Na ukitoka mesi umetoka uraia, wewe sio Msparta tena, hata kama ulilala kwa matete miaka yote hiyo na una kovu ya mkuki kifuani.

Hapa nitasema kitu cha kwetu. Kwa chama yetu tunachanga elfu moja kila tarehe 5, na kuna mama mmoja tulianza naye tangu mwanzo, biashara yake ya viazi ikaanguka, akakosa mwezi wa kwanza, wa pili. Hakuna mtu alimfukuza, jina lake liko kwa kitabu mpaka leo na nafasi tupu mbele yake, lakini akaanza kupitia barabara ya nyuma ndio asikutane na sisi tukitoka kwa mkutano. Nilimwona siku moja ameshika kiondo chake kwa mbele hivi kama mtu anajikinga. Nikisoma Sparta namwona yeye.

Kwa sababu ndivyo Sparta iliisha. Wakati wa Thermopylae walikuwa wanaume kama 8,000. Tetemeko la mwaka wa 464 KK likaua wengi, vita zikaua wengine, lakini pia ardhi ikaendelea kuingia kwa mikono ya familia chache na wale wengine wakishindwa na unga wa mesi wanatolewa, mmoja mmoja. Kufika vita vya Leuctra mwaka wa 371 KK, Wasparta kamili waliokuwa uwanjani walikuwa 700 tu, na 400 wakafa siku hiyo mbele ya jeshi la Thebes, mji mwingine wa Ugiriki. Aristotle alikuja kuandika kwamba hawakuwa wanafika hata 1,000, kwa nchi iliyoweza kulisha maelfu.

Jana nimeenda kwa mzee na jibu lake. Nimemkuta anapalilia mahindi, nikamwambia baada ya hiyo Leuctra jenerali wa Thebes anaitwa Epaminondas aliingia mpaka kwao, na watu wa Messenia waliokuwa wamelimia wengine zaidi ya miaka 200 wakawa huru, wakajenga mji wao chini ya mlima Ithome, unaitwa Messene, na ukuta mkubwa wa mawe kuuzunguka. Sparta yenyewe zamani zote hizo haikuwa na ukuta, ilikuwa inajisifu wanaume wake ndio ukuta.

Mzee akasimamisha jembe. "Na huo ukuta, bado uko?"

"Sehemu kubwa bado imesimama mzee."

"Hebu nionyeshe."

Nikamtafutia picha. Akachukua simu na ile mikono yake ya udongo, akaivuta picha ikawa kubwa, akawa anapitia yale mawe moja moja pole pole, kidole kikiacha alama ya udongo kwa kioo.