Stelingi ilivyogoma njia ya Lushoto

Gari letu la familia ni lile la viti nane, mtumba wa Japani, limetubeba miaka sita bila kutusumbua sana. Sasa mwaka jana mwezi wa sita hivi likaanza mlio, ukikata kona unasikia wiiiiii kama mbu mkubwa, haswa asubuhi unapolitoa getini kwa rivasi, ukinyoosha stelingi mlio unakata. Nikapeleka kwa fundi wa karibu na nyumbani, akafungua boneti akaangalia kile kikopo cha oili ya pawa, ile inayofanya stelingi iwe nyepesi, akasema dada imepungua tu hii, akaongezea, nikalipa nikaondoka. Wiki tatu mlio umerudi, akaongezea tena. Mara ya tatu nikanunua chupa nikawa naongezea mwenyewe.

Ndugu zangu, oili ya pawa sio petroli. Haichomwi, inazunguka humo humo, ikipungua maana yake kuna mahali inatoka. Hiki kitu hakuna aliyeniambia na mpaka leo kinaniuma.

Desemba tukaenda Lushoto kwa wakwe, naendesha mimi, ndani watu wazima wanne watoto wanne na mabegi mpaka kwenye kioo cha nyuma. Mpaka Mombo hamna shida kwa sababu barabara kuu stelingi huishughulishi sana. Ukishaanza kupanda sasa, kona moja haijaisha nyingine hii hapa, huku mlima huku korongo. Kabla hatujafika Soni stelingi ikaanza kukaza na kuachia, kukaza na kuachia, halafu kwenye kona moja ya kulia ikawa jiwe. Nilivuta kwa mikono miwili na mabega yote, mume wangu akashika na yeye kwa pembeni, tukaliingiza gari kwenye kijisehemu kipana. Mama mkwe kiti cha nyuma nilimsikia anavuta tasbihi tu, watoto kimya kabisa.

Fundi tuliyeitiwa, mzee wa makamo, kikopo hata hakukigusa kwanza. Alilala chini akaminya ule mpira wa kuzuia vumbi wa mwisho wa raki (ile bomba ya chuma inayosukuma matairi ya mbele ukizungusha stelingi) upande wa dereva, umejaa kama puto la maji. Akalegeza kibano, ikamwagika oili nyeusi inanuka kuungua. "Mama, oili yako yote ilikuwa inakuja humu." Sili za raki, vile vipete vya kuzuia oili isitoke, zimekwisha, oili inavujia ndani ya mpira, ndo maana nyumbani pale gari linapolala sikuwahi kuona hata tone.

Akanielewesha vizuri sana. Pampu inazungushwa na mkanda wa injini, inasukuma oili kwa presha mpaka kwenye raki, hiyo presha ndo inakusaidia kukata kona. Oili ikipungua pampu inavuta hewa, inatengeneza povu, na povu halisukumi kitu, ule mlio ndo hewa yenyewe. Halafu pampu inalainishwa na oili hiyo hiyo, kwa hiyo ikikauka inajisaga. Ya kwangu ilikuwa imeshaanza, tukabadilisha sili na pampu pamoja. Na magari yetu haya injini yote imekaa juu ya matairi ya mbele, ongeza watu na mizigo, pawa ikikatika unahisi uzito wote mikononi.

Ikikukuta njiani usizime injini gari likiwa linatembea maana na breki zitakuwa ngumu. Stelingi bado imeshikana na matairi kwa chuma, itakata, ila vuta kwa nguvu, punguza mwendo, toka pembeni. Na tafadhali usikubali mtu akujazie oili ya breki kwenye kikopo cha pawa eti zinafanana, inaharibu sili, angalia kwenye kifuniko wameandika nini. Wenye gari za pawa ya umeme hamna kikopo, nyie stelingi ikiwa nzito na taa ya stelingi kwenye dashibodi imewaka pimeni betri na alteneta kabla hamjauziwa raki nzima. Na kabla ya yote cheki upepo wa matairi ya mbele, saa zingine uzito ni huo tu.

Mimi siku hizi kila Jumamosi gari likiwa limepoa na limezimwa naingiza mkono nyuma ya tairi naminya mipira yote miwili. Jana nimeminya, mikavu, ndani hamna kitu.