Barafu ya Lohja na nafasi tatu

Jamani, wiki hii nimeenda Lohja, magharibi mwa Helsinki, kuwaangalia vijana wa kalingi, ule mchezo wa kusukuma jiwe la granaiti juu ya barafu. Pale kwenye chuo cha michezo cha Kisakallio huchezwa Daraja B la Mashindano ya Dunia ya Vijana. Ni mchujo: timu tatu za juu za wavulana na tatu za wasichana ndizo zinazopanda kwenda mashindano yenyewe ya dunia. Nyingine zinarudi kwao kusubiri msimu ujao, na ukishapita umri wa miaka 21 mlango umefungwa.

Kilichonishika ni yale mawe ya kabla ya mechi. Kila timu inatupa mawili, waamuzi wanapima umbali hadi kitovu cha duara la shabaha lililochorwa upande wa pili wa barafu. Aliye karibu zaidi anachagua nani atupe jiwe la mwisho katika raundi ya kwanza. Na vipimo hivyo havipotei: timu zikilingana ushindi na matokeo ya wao kwa wao yasipoamua, wastani wake ndio unaopanga nani juu, nani chini. Sentimita tu! Jiwe lina karibu kilo 20, linasafiri urefu wa ukumbi mzima, na binti wa miaka 16 analisimamisha juu ya kitovu.

Nimepiga kelele hadi sauti imekauka. Wazazi mlio huku Ufini, wapelekeni watoto wakaone. Wetu nao wanaweza kabisa.