Mama, Tabuleti na Chemshabongo

Mama ni mzaliwa wa Lamu, na kwa zaidi ya miaka thelathini alishona nguo katika kibanda chake sokoni Kariokor, akipiga hesabu za wateja kichwani bila kugusa karatasi. Mwaka jana alianza kunipigia simu kuniuliza nambari yake ya siri ya M-Pesa. Nilidhani ni uzee tu, hadi jioni aliponiuliza mara tatu kama nimelipa bili ya maji.

Kliniki tuliyokwenda hapa Nairobi ilimpa jaribio la kupima kumbukumbu na fikra liitwalo MoCA, lenye alama 30, ambapo 26 kwenda juu huhesabiwa kuwa za kawaida. Simba, kifaru na ngamia wa kwenye picha aliwataja papo hapo, huku akimtazama daktari kama mtu aliyedharauliwa. Alipokwama ni kwenye saa. Aliambiwa kwa Kiingereza achore saa inayoonyesha dakika kumi baada ya 11. Akaigeuza kimoyomoyo kuwa saa tano na dakika kumi, kisha akauelekeza mshale mfupi kwenye 5. Mpaka leo sijui kama kosa lile lilikuwa la kumbukumbu au la sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Lakini kati ya maneno matano aliyotakiwa kuyakumbuka alibaki na mawili, na hapo lugha haikuwa kisingizio.

Daktari alieleza kwamba huu ni upungufu mdogo wa uwezo wa akili: mtu husahau kuliko wenzake wa umri wake, ila bado anajipikia na kujiendea sokoni. Si dimenshia, yaani upungufu mkubwa wa akili unaomfanya mtu ashindwe kujitegemea, ingawa baadhi huishia huko, na wengine hubaki walivyo au hata kupata nafuu.

Kaka yangu akanunua tabuleti na kulipia programu ya mazoezi ya ubongo. Picha moja humulika katikati ya kioo na nyingine pembeni, zote kwa sekunde moja, nawe useme ya pembeni ilikuwa wapi. Mama alinung'unika mwanzoni, kisha akanogewa, na baada ya miezi miwili alikuwa amepanda kutoka ngazi ya 4 hadi ya 17. Sote tulifurahi. Bili ya maji aliendelea kuiulizia vilevile.

Watafiti wanalijua jambo hili. Katika utafiti wa ACTIVE wa Marekani, uliohusisha wazee 2,832 wasio na dimenshia na ambao matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 2002, waliofunzwa kumbukumbu walipata nafuu katika kumbukumbu, waliofunzwa kasi ya kufikiri wakapata kasi, na faida haikuvuka kwa urahisi kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Ulionigusa zaidi ni utafiti wa mwaka 2022, kwa sababu ulihusu watu wenye hali kama ya Mama. Watu 107 waligawanywa, wengine wakacheza michezo ya kompyuta na wengine wakajaza chemshabongo za maneno, zile za kujaza herufi kwenye visanduku kwa kufuata vidokezo, pia kwenye kompyuta, wakafuatiliwa kwa wiki 78. Chemshabongo ziliwekwa pale kama kipimo cha kulinganishia tu, na watafiti walitarajia michezo ndiyo ishinde. Ikawa kinyume: waliojaza maneno walifanya vizuri kidogo zaidi katika kumbukumbu na katika shughuli za kila siku. Tofauti ilikuwa ndogo, na kwa kuwa hapakuwa na kundi lililokaa bila zoezi lolote, hakuna awezaye kusema kwamba chemshabongo huzuia maradhi. Mimi, hata hivyo, nilisitisha malipo ya programu.

Siku hizi namtolea nakala kubwa za chemshabongo za Kiswahili, naye huzijaza kwa penseli baada ya chai ya jioni. Juzi tulikuta kidokezo cha mtego wa samaki, herufi nne. Nikasema wavu.

"Wavu huo ni wavu, mwanangu. Mtego ni dema," akasema, akanigongea penseli kwenye kisanduku cha pili, ambako E ilikwisha kuandikwa.