Dinari za Antonius: kutoka Patras hadi Actium

Basi la kwenda Preveza lilipopanda daraja la Rio nilisogea dirisha la kushoto. Ng'ambo ya maji ulionekana mji wa Patras, Ugiriki. Hapo Marcus Antonius, jemadari wa Roma aliyekuwa akipigania madaraka na mpinzani wake Octavianus, alikaa majira ya baridi ya mwaka 32 kuingia 31 KK, na wataalamu wengi wa sarafu huamini ndipo zilipogongwa dinari, yaani sarafu za fedha, ninazozipenda kuliko sarafu zote za Roma.

Simuni nilikuwa na picha ya moja. Upande huu merikebu ya vita na makasia yake. Upande wa pili tai wa lejioni, kikosi kikubwa cha jeshi la Roma, katikati ya alama mbili za vikosi, na maandishi LEG pamoja na namba. Karibu kila lejioni ilipata namba yake. Askari wa kawaida alilipwa dinari 225 kwa mwaka, na sasa mshahara wake ulimtaja kwa kikosi chake! Fedha ya dinari hizi ilikuwa hafifu, imezidishwa shaba, maana waliopaswa kulipwa walikuwa wengi. Basi watu wakaficha dinari nzuri, hizi wakazitumia; zaidi ya miaka 200 baadaye zilikuwa bado zinazunguka, tai amesuguika hata haonekani vizuri.

Mlango wa bahari wa Actium ni mwembamba kuliko nilivyodhani. Tarehe 2 Septemba 31 KK, Antonius alitokea hapa na merikebu zake kupigana na Octavianus, baada ya kuzingirwa naye kwa miezi, watu wake wakifa kwa njaa na maradhi. Cleopatra, malkia wa Misri na mshirika wake, alipopenya na kukimbia, Antonius akamfuata.

Kesho yake nilipanda kilima kilicho juu ya magofu ya Nicopolis, mji aliojenga Octavianus kwa ushindi huo. Kwenye ukuta wa mawe kuna matundu yaliyochongwa kupachikia vichwa vya shaba vya kugongea, vilivyokatwa kwenye omo za merikebu alizoteka. Hayalingani, tundu moja limebeba umbo la merikebu kubwa, jirani yake dogo. Nilitazama picha ya dinari, kisha matundu, na kwa mara ya kwanza nikaelewa ukubwa wa chombo kilichochorwa kwenye kipande cha fedha kisichofika hata sentimita 2.

Lejioni za Antonius zilizobaki nchi kavu zilisalimu amri baada ya siku chache. Octavianus naye akagonga dinari zake: mamba, na maneno AEGVPTO CAPTA, yaani Misri imetekwa. Ni kazi nzuri ya mikono, lakini mimi bado nachagua zile za Patras.