Kutoka Croydon hadi Mbeya

Mteja akiniletea vipimo vya kiwanja hapa Mwanjelwa, Mbeya, nimchoree nyumba, swali langu la kwanza ni mlango: mtu ataingilia wapi, atatokea wapi? Ndiyo maana nalipenda jengo la abiria la uwanja wa ndege wa Croydon, kusini mwa London, ingawa nimeliona pichani tu. Lilifunguliwa mwaka 1928, enzi ambazo viwanja vingi vya ndege vilikuwa nyasi na vibanda, na waliolichora hawakuwa na mengi ya kuigia.

Abiria alishukia upande wa barabara ya Purley Way, akaingia ukumbi wa tiketi, akapimwa uzito pamoja na mizigo yake, akapita forodha, akatokea upande wa pili ndege ilikosimama. Rahisi kabisa, na mpaka leo tunapitishwa karibu hivyohivyo. Ukumbi una kuba la kioo linaloshusha mwanga hadi katikati, na roshani inauzunguka kwa ndani. Juu ya paa umesimama mnara wa mraba wa kuongozea ndege. Kukiwa na ukungu, vituo vya redio vilisikiliza mawimbi ya ndege, kila kimoja kikatoa uelekeo wake. Mistari ilipokutana kwenye ramani ya mnarani, ndipo rubani alipo. Kwangu mnara huo ndio moyo wa jengo.

Sisi wa Mbeya tunaingiaje? Mwaka 1932 shirika la ndege la Uingereza, Imperial Airways, lilifungua njia ya Cape Town, na ndege zikawa zinatua Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika, ambayo leo iko Zambia. Mbeya ilikuwa changa mno, imeanzishwa 1927 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa! Abiria wa Croydon aliruka hadi Paris, akapanda treni hadi Brindisi, Italia, akavuka bahari kwa ndege ya majini, akafuata mto Nile kuja kusini; zaidi ya wiki nzima kabla hajauona mlima wetu wa Loleza. Mwaka 1937 njia kuu ikahamia pwani.

Croydon ilifungwa 1959, lakini jengo limetunzwa, lina ofisi na makumbusho. Uwanja wetu wa ndege wa mjini uliupisha uwanja mpya wa Songwe mwaka 2012, na vijana wengi hawajui kwamba Mbeya ilikuwa kituo cha safari hiyo. Naumia. Nataka tuweke kibao mjini chenye majina ya vituo vyote, Croydon hadi Cape Town. Mchoro wake nitauchora bure. Mwenye picha za zamani za uwanja wetu, hata kama ni ya bibi harusi na ndege iko nyuma kidogo, aniandikie hapa chini.